Siku Niliyoipima Sidii ya Benno

Aibu ninayowasimulia hapa nimetembea nayo miaka mingi, na leo naisema kwa hiari yangu kabla shangazi yake mke wangu hajawafikia ninyi, maana yeye akiisimulia huongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe najiona mwendawazimu, ingawa (niseme ukweli) chumvi yenyewe haihitajiki sana. Mimi ndiye yule mchumba aliyeonekana Matogoro siku ya posa yake, suti mwilini, mikono nyuma, akinusa sidii moja moja shambani mbele ya wakwe. Chekeni tu, kicheko hicho nimekizoea.

Wakati huo nilikuwa na banda la gemu Msamala, mjini Songea, nyuma ya duka la vitenge la Mzee Rajabu. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa, kila mwenye nauli ya basi anashuka Kariakoo na kurudi na marobota, na Songea ikajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa watu. Shida ni kwamba vitu feki navyo vilikuja kwa basi lilelile, hivyo watu wakawa na wasiwasi na kila kitu: saa inawekwa sikioni, betri inalambwa, kiatu kinakunjwa katikati mpaka muuzaji anapiga kelele. Kila mmoja akawa mtaalamu wa kitu chake, na mimi kitu changu kikawa sidii za gemu.

Nilikuwa na kompyuta moja ya mtumba, nzito kama jiwe la kusagia, na nilipenda gemu za zamani, zile zilizotoka kabla sijajua hata kompyuta ni nini. Hizo ndizo zilizokuwa zinanakiliwa kuliko zote, kwa sababu viwanda vilishaacha kuzitoa. Basi nikajifunza kuzipima. Unaigeuza sidii mgongo: ya kiwandani inang'aa fedha tupu, ya kuchomwa kwenye kompyuta ya mtu ina kivuli cha kijani au buluu. Unaangalia ule mduara mdogo karibu na tundu: ya kiwandani ina namba ndogo zimechorwa humo, ya kuchomwa mara nyingi haina. Kisha unageuza upande wa maandishi na unapitisha pamba yenye spiriti, chapa ya kiwanda inabaki, wino wa kalamu unatoka wote. Hiyo ya pamba ndiyo iliyonipa jina. Vijana walikuwa wanajaa mlangoni kuniangalia nikifuta, nami nilikuwa nafuta polepole kusudi, nikimaliza nainua pamba juu waone weusi. Wakaniita Bwana Orijino, nami bila haya nikaitika.

Zilizoshindwa mtihani wangu nilikuwa nazitupa kwenye ndoo, na ndoo hiyo ndiyo iliyoniletea mke. Kanisia alikuwa anashona kwenye baraza la Mzee Rajabu, na kila wiki alikuja kuomba sidii zilizokufa ampelekee shangazi yake, Shangazi Osmunda, ambaye alizifunga kwenye kamba katika shamba lake la ulezi ziwatishe ndege. Nikaanza kuzifelisha hata zile sidii zilizokuwa na nafasi ya kupona, ili ndoo isikae tupu. Baada ya mwaka mmoja hivi nikamwambia Mzee Rajabu kwamba nataka kuoa.

Wazazi wangu walikuwa Singida. Baba alikuwa bwana shamba, akahamishwa kurudi kwetu, mimi nikabaki Songea na banda langu. Kwa hiyo Mzee Rajabu, Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano na maneno ya taratibu, akakubali kuwa mshenga wangu kwenda kwa watu ambao ni Wakatoliki toka mababu. Alinipa sharti moja tu. "Wewe leo ukishasema shikamoo umemaliza kazi," akaniambia. "Mengine niachie. Hata ukiona nyumba inaungua, subiri mimi nikuambie."

Ningekwenda hivyo, mikono mitupu na mdomo umefungwa, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Kanisia alikuwa ameniambia kwamba kaka yake, Benno, anayesoma Ulaya, aliwatumia nyumbani sanduku la gemu za zamani alizookota kwenye maduka ya mitumba huko. Nikawaza, huenda wakazitoa, huenda wakataka kujua zina thamani gani, na mkwe mtarajiwa akionekana ana ujuzi si vibaya. Nikatia lenzi mfukoni na pamba. Spiriti ilikuwa imeniishia, na Jumapili asubuhi duka la dawa limefungwa, basi nikapita kwa dada wa saluni jirani nikaomba chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha (ilikuwa na harufu kali ya ndizi mbivu, mkumbuke hiyo harufu), nikaifunga vizuri, tukaondoka.

Huko Matogoro tulipokelewa vizuri. Baba yake Kanisia, Mzee Tarasisi, mwalimu mstaafu, alitukalisha sebuleni, mama yao akatusalimia na kurudi jikoni, Kanisia hakuonekana kama ilivyo desturi. Mzee Rajabu akaeleza shida yetu kwa kuzunguka mbali, nikasema shikamoo yangu, nikanyamaza. Mzee Tarasisi akasikiliza, akakohoa kidogo, akaanza kujibu.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo. Wazee wa kule wakisema neno zito hawalisemi lote. Wanasema kipande, wananyamaza, wanaliacha likae, kisha wanaendelea. Ukimya ule ni sehemu ya hotuba. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo ukinyamaza tu, mwenzako ameshaingia, na miaka yote niliyokaa Songea nilikuwa na vijana wa banda, sikuwahi kukaa mbele ya mzee akisema rasmi. Mzee Tarasisi akavuta sanduku dogo kutoka chini ya meza, akalifungua. Sidii zimepangwa safi, na juu yake moja imefungwa peke yake kwa kitambaa cheupe. Akasema mwanawe Benno yuko Ulaya, anasoma mambo ya kompyuta. Akanyamaza. Akasema sanduku hili lililetwa na padri aliyekuwa anarudi. Akanyamaza. Akafungua kitambaa, akaishika ile sidii kwa kingo zake, akasema, "Na hii..."

Kisha akanyamaza kuliko mara zote.

Mimi nikaona ananiuliza. Nawaapia, niliona kabisa kwamba mzee ameleta kitu kwa mtaalamu na anasubiri jibu, na kwamba nikikaa kimya nitaonekana sijui kitu. Mzee Rajabu alinikanyaga mguu, nikadhani ananihimiza. Nikanyoosha mikono miwili kwa adabu, nikaipokea sidii, nikatoa lenzi.

Kwanza nikamsifia sanduku lake. Nikachukua mbili tatu, nikaonyesha namba kwenye mduara, nikaonyesha fedha ya mgongo, nikamwambia baba, hizi ni orijino tupu, ni gemu za zamani ambazo hata Dar es Salaam hutazipata hivi. Akaitikia kwa kichwa, akafurahi kidogo. Kisha nikaigeuza ile ya kitambaa. Kijani. Mduara hauna namba hata moja. Upande wa juu, maandishi ya kalamu ya wino mzito, ya mkono, lugha ya Kizungu nisiyoijua, ambayo wala sikujisumbua kuisoma. Nikatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Nikatoa kichupa, nikalowesha pamba, nikapitisha polepole kama nilivyozoea mbele ya watazamaji, na maandishi yote yakatoka. Sebule ikajaa harufu ya ndizi. Nikainua pamba juu waone.

Nikasema hii ni feki, baba, aliyemuuzia kijana alimdanganya, hii haifai hata kuiweka na zile nyingine, kazi yake ni kutishia ndege tu. Shangazi Osmunda alikuwa ameingia na maji ya kunawa. Kusikia ndege, akaichukua mkononi mwangu (mimi mwenyewe nikampa, tena nikitabasamu), akapita nayo mlango wa nyuma.

Mzee Tarasisi hakuniangalia. Alimwambia Mzee Rajabu, "Mwulize kijana wako kama ana hakika."

Sikusubiri kuulizwa. Nikajibu mwenyewe kwamba sina shaka hata kidogo. Mzee akakunja kile kitambaa cheupe, akakikunja tena, uso wake umeshuka mpaka nikaanza kuhisi kwamba kuna kitu hakiendi sawa, lakini nikajipa moyo kwamba ukweli siku zote huuma. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu wala kwa Mzee Rajabu, kwamba basi Benno aliwaongopea.

Hapo ndipo mama yao alipoingia na sinia la kuku. Akaona kitambaa kitupu. Akauliza sidii ya Benno iko wapi, na Mzee Tarasisi akamwambia kwamba mtaalamu ameipima, si kitu, imekwenda shamba.

"Si kitu?" Mama Benno akaweka sinia mezani. "Hiyo gemu aliitunga mwenyewe. Aliandika kwa mkono wake juu hapo, jina langu na la kwake."

Nikaiangalia pamba iliyokuwa mkononi mwangu.

Ninyi mnaojua kompyuta mmeshaelewa. Mwanafunzi akitunga gemu yake, ataiweka kwenye nini? Ataichoma kwenye sidii tupu kwa kompyuta yake, mgongo utakuwa wa kijani, namba za kiwanda hazitakuwepo maana hakuna kiwanda, na atachukua kalamu aandike jina kwa mkono. Kila alama niliyoihesabu kuwa ya feki ilikuwa inasema kwamba hii imetoka kwa mwenyewe aliyeitengeneza. Katika dunia nzima orijino ya gemu hiyo ilikuwa moja, na mimi nilikuwa nimeifuta jina na kuipeleka kwa ndege. Nikasahau sharti la Mzee Rajabu kwa mara ya tatu, nikasimama, nikasema nimekosea, baba, mwanao hakuongopa, mimi ndiye sijui kitu, na nikaeleza kwa nini, nikigugumia vibaya.

Nilikuwa nasubiri kufukuzwa. Mimi ningejifukuza. Mzee Tarasisi aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli kabisa kwamba Benno hakuongopa, na niliposema kweli kabisa, uso wake ulifunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasimama, akavaa kofia yake. "Basi tukaitafute," akasema. Mpaka leo nikikumbuka neno hilo, tukaitafute, si kaitafute, nashukuru upya.

Tukatoka wote. Shamba la Shangazi Osmunda liko nyuma ya nyumba, na ulezi wake ulikuwa umekaribia kuvunwa, na kamba imepita juu yake kutoka mgomba hadi mti, imejaa sidii zinazunguka kwa upepo wa kipupwe unaoshuka mlimani. Shangazi aliikumbuka kamba lakini sidii hakuikumbuka, alifungua moja iliyokuwa imepasuka akafunga hii mahali pake, upande ule, au labda upande huu, kisha akakimbilia ugali wake. Nikasema hakuna neno, mimi nitaitambua. Nikaikaribia kamba kwa kujiamini, nikaanza kugeuza migongo. Kijani. Kijani. Buluu. Kijani. Hazina namba, hazina maandishi. Zote zilitoka kwenye ndoo yangu, zote nilizifuta mwenyewe kwa mkono wangu. Ujuzi wangu wote uliishia hapo kwenye ulezi.

Ndipo nikakumbuka harufu. Nyingine zote nilizifuta kwa spiriti muda mrefu uliopita, hii peke yake nimeifuta sasa hivi kwa dawa ya kucha. Nikaishika ya kwanza, nikanusa: ndizi. Ya pili: ndizi. Ya tatu pia ndizi, na nikataka kulia, mpaka Kanisia, ambaye hakutakiwa kuonekana lakini kwa vurugu ile nani angebaki ndani, akasema kutoka nyuma ya mgomba kwamba ni vidole vyangu vinavyonuka. Basi nikafunga mikono nyuma ya suti, Mzee Rajabu na kanzu yake akawa ananishikia kila sidii itulie, nami ninasogeza pua. Majirani wakajipanga kwenye ua. Mama mmoja aliuliza kama huyo ndiye mchumba au ni mganga, na Shangazi Osmunda akamjibu kwamba tunasubiri kujua.

Niliipata karibu na mgomba wa mwisho, ndizi kidogo sana, inaondoka na upepo. Nikamwomba Mama Benno aifungue mwenyewe, maana mimi vidole vyangu sikuviamini tena. Aliifungua, akaifuta kwa kitenge, akaniuliza kama bado inacheza.

Sikujua. Dawa ile inakula plastiki, na nilikuwa nimesugua kwa nguvu ya kujionyesha. Nikamwambia ukweli, sijui, mama, na kompyuta iko Msamala. Akasema twende Msamala. Kuku akafunikwa kwenye sinia, jirani mmoja akawasha pikapu yake iliyokuwa na magunia ya mahindi, Mama Benno akakaa mbele na sidii kwenye kitambaa chake cheupe, sisi wengine tukapanda nyuma juu ya magunia, wakwe, mshenga, shangazi, Kanisia na mimi, tukishuka mjini.

Banda lilikuwa limejaa vijana. Nikawaomba watoke kwenye viti, na wale waliozoea kunishangilia wakakaa ukutani wanaangalia. Nikaweka sidii. Kompyuta ikavuma, ikakwaruza, ikaandika kwamba haioni kitu. Nikaitoa, nikaifuta kwa upande wa ndani wa tai yangu, kutoka katikati kwenda nje kama inavyotakiwa. Mzee Rajabu akasema bismillahi, nikairudisha. Ikavuma muda mrefu. Kijana mmoja ukutani akaacha kutafuna karanga. Mama Benno alikuwa ameshika mkono wa mumewe mbele ya watu, jambo ambalo Kanisia aliniambia baadaye hakuwahi kuliona.

Kisha skrini ikafunguka. Nyumba ndogo ya bati, migomba, banda la nguruwe. Nguruwe akavunja mlango akatoka mbio, na nyuma yake akatokea mwanamke mfupi wa kitenge na kilemba, anakimbia, mikono juu.

"Huyo ni mimi," akasema Mama Benno.

Ilikuwa kweli. Siku ya kipaimara cha Benno nguruwe wa sherehe alitoroka, mama yao akamkimbiza mpaka karibu na kanisa, na mtoto huko Ulaya, katika darasa la watu wasiomjua, alipoambiwa atunge gemu yake, akakumbuka hiyo. Mama Benno alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akavutiwa kiti karibu na nikamwonyesha vitufe. Mzee Rajabu, ambaye nilikuwa naogopa atakereka na mnyama huyo, alisogeza kiti chake kabisa. Akasema nguruwe si wake wala hamhitaji, ila Mama Benno apite kushoto, maana amemwacha wazi.

Mzee Tarasisi alisubiri kelele zipungue. Kisha, akiwa amesimama katikati ya banda langu kati ya vijana na viti vya plastiki, akamwambia mshenga wangu kwamba alikuwa hajamaliza maneno yake. Akasema sidii ile wamekaa nayo tangu padri aliporudi na hawajui kuifungua. Akanyamaza. Akasema aliona haya, mwalimu mzima, kwenda kumwomba mtu wa mtaani. Akanyamaza, na mimi nikang'ata ulimi. Akasema waliposikia anayemtaka binti yao ana kompyuta, mama yake alishakubali tangu wiki iliyopita, na leo alitaka tu kuomba kwamba huyo kijana, akishakuwa mtoto wa nyumba, amfungulie mama kazi ya mwanawe. Akanyamaza tena, muda mrefu, mpaka Mzee Rajabu akanigeukia akaninong'oneza kwamba sasa ninaruhusiwa kujibu.

Nilijibu kwa kupiga magoti.

Kwa hiyo mnaona, niliposhika ile lenzi nilikuwa nimeshapewa. Nilikuwa nasomesha watu waliokuwa na baraka mkononi. Tangu siku hiyo sijapima kitu cha mtu bila kumwacha kwanza aseme kimetoka wapi, na mwenye kunyamaza mbele yangu namwacha anyamaze mpaka achoke. Namshukuru Mungu kwa wazee wale, na Mzee Rajabu, na hata yule dada wa saluni na chupa yake inayonuka.

Jioni ile vijana waliondoka mmoja mmoja, na Mama Benno hakutaka kusimama. Kila nguruwe alipokamatwa, gemu inakwisha, nami nasubiri aseme basi, tumechelewa, twendeni. Yeye hakutoa macho kwenye skrini. "Rudia, mwanangu," akasema, na mimi nikarudia.